Uhuru na Umoja: Albamu ya Frank Wright ya Mwaka 1970 Ikitazamwa kutoka Akheri

Mwaka 1970, jijini Paris, mpiga saksafoni Mmarekani Mweusi Frank Wright alirekodi albamu iliyotolewa na lebo ya America kwa jina la Uhuru na Umoja. Maneno hayo, kwa mpangilio huohuo, ndiyo yaliyomo katika nembo ya taifa ya Tanzania. Je, jina hilo lilibeba fikra, au lilikuwa pambo?

Baadhi ya ushahidi unaelekea kwenye pambo. Vipande kama "Aurora Borealis" na "Pluto" vinataja anga, si Afrika. Aidha, Kiswahili kilikwishaenea miongoni mwa Wamarekani Weusi: umoja ni nguzo ya kwanza ya Kwanzaa, sikukuu iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966. Hata hivyo, uhuru haumo katika nguzo zake saba. Kuyaunganisha maneno haya mawili kunaelekeza kwenye nembo ya Tanzania.

Hoja yenye uzito zaidi imo katika muziki wenyewe. Wright, mzaliwa wa Mississippi, alianza kama mpiga besi. Alihamia saksafoni ya tena baada ya kukutana na Albert Ayler huko Cleveland. Ajabu ni kwamba kundi lake la 1970, pamoja na Noah Howard (saksafoni ya alto), Bobby Few (piano) na Art Taylor (ngoma), halina mpiga besi. Ala ambayo kwa kawaida hushikilia msingi imeondolewa, na kila mpigaji hulazimika kuwasikiliza wenzake ili wimbo usisambaratike. (Msikilizaji aliyelijua neno jazi kupitia Morogoro Jazz au Western Jazz, bendi za dansi, huenda asilitambue hapa.)

Akheri, katika nchi ya Wameru, maneno hayo yana historia nyingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Wananchi walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaliwasilisha shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Uhuru uliodaiwa hapo ulikuwa wa ardhi, na umoja ulitangulia: bila mchango, hakuna safari. Kundi la Wright linaanzia upande wa pili. Kila mmoja yuko huru tangu sauti ya kwanza, na umoja hutafutwa wakati wimbo ukiendelea.