SOMO LA HISTORIA: NANI ANA HAKI YA KUTUNGA SHERIA?

Fungueni madaftari yenu. Andikeni neno moja: MADARAKA. Sasa sikilizeni habari ya mji wa New York, Marekani.

Mnajua kwamba soda ina sukari nyingi. Mtu akiinywa sana kila siku, huweza kunenepa kupita kiasi na kupata ugonjwa wa kisukari. Mwaka 2012 Meya wa mji huo alikuwa Bwana Michael Bloomberg. Alitaka kuwakinga watu wake na maradhi hayo. Basi mwezi wa Septemba Halmashauri ya Afya ya mji ikatoa amri: mikahawa, sinema na viwanja vya michezo wasiuze soda yenye sukari katika gilasi au chupa iliyozidi nusu lita hivi.

Wenye biashara ya soda na mikahawa wakaenda kortini. Amri ilikuwa ianze tarehe 12 Machi, 2013. Siku moja kabla, jaji akaizuia. Mji ukakata rufani, ukashindwa, ukakata tena. Tarehe 26 Juni, 2014, korti ya juu kabisa ya jimbo la New York ikakata shauri. Majaji 4 waliikataa amri, 2 waliikubali.

Je, majaji wale 4 walisema soda ni nzuri? La. Walisema serikali isijali afya ya watu? La. Walisema hivi: kupima afya ya watu, uhuru wao na biashara yao, kisha kuchagua lipi litangulie, ni kazi ya kutunga sheria. Kazi hiyo ni ya Baraza la Mji, ambalo wajumbe wake huchaguliwa kwa kura. Wajumbe wa Halmashauri ya Afya huteuliwa na Meya. Lakini majaji wale 2 walisema Halmashauri ilikuwa na uwezo huo tangu zamani.

Mwisho wake ukawa nini? Soda kubwa ziliendelea kuuzwa. Jambo jema likifanywa na asiye na madaraka ya kulifanya, huvunjika, na hasara huwapata wale wale waliokusudiwa kusaidiwa.

Sasa zungumzeni na mwalimu wenu: kama ninyi mngekuwa majaji, mngekata shauri namna gani? Kila mmoja aandike sentensi mbili.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.