Mchuzi wa Iran na Haiti, na Kilwa Tuliyoisahau

Mwishoni mwa juma lililopita nilipika mchuzi wa nyama ya mbuzi kwa kuchanganya mapishi ya Wairani na ya Wahaiti. Wageni wangu, wengi wao wakiwa wanafunzi wangu wa zamani, waliumaliza wote, kisha wakauliza swali la haki: Iran ina nini na Haiti? Niliwajibu kwa neno moja: Kilwa. Walidhani nafanya mzaha. Makala haya ndiyo jibu langu kamili.

Nianze na chungu chenyewe. Nyama niliiosha kwa maji ya danzi na chumvi, kama wafanyavyo Wahaiti, kisha nikailaza usiku kucha katika epis, yaani viungo vyao vya kusaga: kitunguu saumu, majani ya vitunguu, pilipili hoho, majani mabichi ya kunukia, karafuu, na pilipili kali inayofanana na pilipili mbuzi yetu. Asubuhi niliikaanga, nikaongeza vitunguu, manjano, mdalasini na nyanya, nikatia maji na dengu zilizopaazwa. Hapo nikawafuata Wairani: nilitoboa ndimu kavu nne, nikazitosa zichemke taratibu pamoja na nyama, na mwishoni nikamimina zafarani iliyolowekwa katika maji ya moto.

Ndimu hizo huchemshwa katika maji ya chumvi, kisha huanikwa juani hadi ziwe ngumu na nyepesi. Huupa mchuzi uchachu wenye uchungu kidogo. Wairani huziita ndimu za Omani, na jina hilo peke yake ni ushahidi kwamba pande mbili za Ghuba zimeuziana na kulishana kwa muda mrefu.

Kila kilichoingia katika chungu kile kilisafiri. Pilipili asili yake ni Amerika. Wataino wa kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo Haiti ni sehemu yake, waliilima kabla Columbus hajatia nanga mwaka 1492. Danzi na ndimu asili yake ni Asia. Zilifika kisiwani humo na Columbus katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Miwa ilifika katika safari hiyohiyo, na miwa ndiyo iliyoleta balaa, kwa sababu mashamba yake yalihitaji watu wengi na yaliwaua upesi.

Karafuu nayo ina habari yake. Ilitoka visiwa vya Maluku, na mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuiingiza katika kisiwa cha Île de France, yaani Mauritius ya leo. Zanzibar ilipata karafuu yake mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa hivyo vya Wafaransa. Lakini visiwa hivyo havikutaka viungo tu. Vilitaka pia watu wa kuvilima. Mwaka 1776 mfanyabiashara Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kila mmoja.

Wengi waliouzwa kwa njia hiyo waliishia Île de France na Bourbon. Hata hivyo, katika miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilizidi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikiwa na mateka wa pwani ya Afrika Mashariki, hasa wa Msumbiji, kuelekea Saint-Domingue, koloni ambalo baadaye lilikuja kuitwa Haiti. Huko waliitwa “Mozambique”, jina lililofuta makabila na vijiji vyao. Walikuwa wachache miongoni mwa watumwa karibu nusu milioni, ambao wengi wao walitoka Afrika Magharibi na Kongo. Lakini walikuwapo maasi yalipolipuka Agosti 1791, na tarehe 1 Januari 1804 koloni hilo likawa taifa huru la watu waliojikomboa wenyewe. Kila mwaka siku hiyo Wahaiti hunywa supu ya maboga, ambayo husimuliwa kwamba watumwa waliipika bila kuruhusiwa kuionja. Mwaka 2021 UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa binadamu wote. Ufaransa, kwa upande wake, ilituma manowari mwaka 1825 kudai fidia ya faranga milioni 150 kwa ajili ya waliopoteza mashamba na watumwa wao. Mwaka 1838 deni hilo lilipunguzwa hadi milioni 90.

Wakati huohuo majahazi mengine yalielekea kaskazini. Katika karne ya 19 mateka wa pwani yetu walifikishwa Bushehr na Bandar Abbas, mara nyingi kupitia Zanzibar na bandari za Omani. Walizamia lulu, walitunza mitende, walibeba mizigo bandarini na kutumikia majumbani. Mwaka 1848 Shah wa Iran alipiga marufuku kuingiza watumwa kwa njia ya bahari. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1929. Wajukuu wa watu hao bado wanaishi katika mikoa ya kusini mwa Iran.

Kwa hiyo Iran na Haiti ni ncha mbili za biashara moja, na katikati tupo sisi.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu msomaji atafakari nami. Shiraz tunaikumbuka vizuri. Tarihi ya Kilwa inaitaja, jina Shirazi tunalibeba, na mwaka 1957 liliingia hata katika jina la chama, Afro-Shirazi. Tunakula pilau na sambusa, vyakula ambavyo majina yake yana asili ya Kiajemi, na tunajivunia. Kilwa Kisiwani imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na watalii husimuliwa habari za msikiti mkuu na dhahabu ya Sofala. Ni mara ngapi tumesikia habari za mwaka 1776?

Tumewakumbuka waliokuja na kuwasahau waliochukuliwa. Sababu haifichiki. Waliokuja wanatupa heshima. Waliochukuliwa wanatuuliza ni nani aliyewauza. Wengi wao hawakuwa hata watu wa pwani. Waliteremshwa kutoka bara, wengine kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na pwani haikuwa na sababu ya kuyatunza majina yao. Kusema kwamba Wafaransa walinunua na Waarabu walisafirisha ni kweli, lakini ni nusu ya mkataba. Mkataba ule ulikuwa na pande mbili.

Sidai kwamba mchuzi utalipa deni hilo. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana: mwanafunzi anayefundishwa Kilwa ya dhahabu afundishwe pia Kilwa ya Morice, na anayesoma mapinduzi ya Haiti aambiwe kwamba huenda miongoni mwa waasi wale alikuwamo mtu wa kwao.

Mwisho wa chakula wageni wangu waligombea ukoko wa wali. Niliwaambia kwamba Wairani huuita tahdig na Wahaiti huuita graten, na kwamba huko nako hugombewa vivyo hivyo. Safari hii hakuna aliyeuliza Iran ina nini na Haiti.