Kizunguzungu kinachokuja na kuondoka: kipimo cha moyo cha siku nzima na ibada ya mgonjwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Familia moja ilinijia baada ya sala ya Isha ikitaka nimsomee ruqya mama yao. Kila baada ya siku chache dunia ilimzunguka, moyo ukamwenda mbio, na baada ya dakika mbili tatu akarudi katika hali yake. Hospitali alikuwa ameshakwenda, akavalishwa kifaa cha kuangalia mapigo ya moyo kwa saa 24. Lakini jioni ile, kabla ya Maghrib, alikivua mwenyewe, kwa kuhofia kuwa udhu wake hausihi akiwa na vibandiko mwilini. Usiku ule ule, saa nane, kizunguzungu kikamjia. Kifaa kilikuwa juu ya meza.

Nilimsomea, na ruqya ni haki. Lakini nilimwambia pia arudi akavalishwe tena, kwani kilichomkosesha jibu ni mas-ala ya fiqhi ambayo sisi masheikh tulipaswa kuyaeleza mapema. Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), na mwenye kusomewa hakatazwi kwenda kupimwa.

Sababu za kizunguzungu

Kizunguzungu ni dalili, si maradhi yenyewe. Huweza kuletwa na upungufu wa maji mwilini, upungufu wa damu, sukari kushuka, presha kushuka mtu anaposimama ghafla, matatizo ya sikio la ndani, au dawa anazotumia mgonjwa. Wengine sababu yao ni moyo.

Moyo hupiga kwa umeme mdogo unaozalishwa ndani yake wenyewe. Mtu mzima aliyetulia, kwa kawaida mapigo yake ni baina ya 60 na 100 kwa dakika. Umeme huo ukivurugika, moyo huweza kwenda mbio mno, kwenda polepole mno, kupiga bila ya mpangilio, au kusimama kwa sekunde kadhaa. Damu ikipungua kufika kichwani, mtu huona kiza, huyumba au huzimia. Hapo ndipo baadhi ya watu husema mara moja kuwa ni upepo au ni shetani, na miezi ikapita.

Kwa nini kipimo kimoja hakitoshi

Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo, kinachojulikana kwa ECG, hurekodi mapigo kwa sekunde 10 hivi. Ni kipimo kizuri na ndicho cha kuanzia. Lakini mwenye kizunguzungu cha mara moja kwa wiki hufika hospitali akiwa mzima, na karatasi hutoka safi. Si kwamba daktari amekosea, wala si kwamba mgonjwa anajisingizia. Moyo haukuvurugika katika sekunde zile.

Ndipo kikatengenezwa kifaa cha kukaa na mgonjwa nyumbani kwake. Aliyekiasisi ni Norman Holter, Mmarekani wa Montana, na kifaa huitwa kwa jina lake mpaka leo. Cha mwanzo kilibebwa mgongoni na kilikaribia kilo 38. Mwaka 1961 alichapisha kazi yake katika jarida la Science. Cha siku hizi hutosha kwenye kiganja cha mkono: vibandiko vichache hubandikwa kifuani, waya zikaungwa na mashine ndogo inayovaliwa shingoni au kiunoni, ikarekodi kila pigo kwa saa 24 au 48.

Jibu lake huwa moja kati ya matatu. Kwanza, kizunguzungu kimekuja na mapigo yamevurugika wakati ule ule: hapo chanzo kimejulikana. Pili, kizunguzungu kimekuja na mapigo yako sawa: basi sababu itafutwe kwengine, na hilo nalo ni jibu lenye faida. Tatu, kizunguzungu hakikuja kabisa siku ile: mara nyingi hapo jibu bado halijapatikana, na mgonjwa asiambiwe kuwa hana kitu. Muulizeni daktari juu ya kipimo cha muda mrefu zaidi. Vipo vibandiko vya hadi siku 14, na kipo kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi kikakaa miaka kadhaa.

Namna ya kukivaa

Fanya kazi zako kama kawaida, ila usioge wala usikiloweshe isipokuwa umeambiwa kinahimili maji. Kiweke mbali na sumaku, na simu usiitie mfuko wa kifuani. Mwanamme akinyolewa nywele za kifua ili vibandiko vishike, hakuna ubaya.

Muhimu kuliko yote ni daftari. Kikija kizunguzungu, andika saa na dakika, ulikuwa ukifanya nini, na ulihisi nini. Kama kifaa kina kitufe, kibonyeze. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa nyumbani. Bila ya saa, daktari hatoweza kulinganisha hali yako na mapigo yaliyorekodiwa.

Udhu, josho na sala

Viungo vya udhu ni uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, na miguu mpaka vifundoni. Kifua hakimo. Basi udhu wa aliyevaa kifaa hiki ni sahihi bila ya shaka yoyote, na hana haja ya kukivua. Ila katika madhehebu yetu ya Shafi, ukiguswa ngozi kwa ngozi na muuguzi wa jinsia nyengine asiye maharimu yako, tawadha upya. Mwanamke aombe kuvalishwa na mwanamke mwenzake. Akikosekana, haja ya tiba inaruhusu kwa kadiri ya haja.

Josho ndilo la kujipangia. Oga kabla ya kwenda kuvalishwa, na uwe na tahara wakati vibandiko vinapobandikwa. Ukipatwa na janaba ukiwa nacho, uliza kwanza kama kinaweza kutolewa na kurudishwa. Ikiwa kukitoa kutaharibu kipimo, chukua hukumu ya mwenye bandeji: osha palipo wazi kwa uangalifu, pangusa kwa maji juu ya vibandiko bila ya kugusa mashine, na utayammamu kwa ajili ya palipofunikwa.

Katika sala, anayehofia kuanguka akae. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Husayn, naye alikuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Kizunguzungu kikikujia ndani ya sala na akili yako ipo, kaa uendelee. Udhu wako haukutenguka. Aliyezimia udhu wake umetenguka.

Kufunga na kifaa hiki hakubatilishi saumu. Daktari akikukataza kufunga kwa kuhofia madhara, kula na utalipa ukipona. Usiache dawa za moyo wala usibadilishe saa zake kwa ajili ya Ramadhani bila ya kumshauri. Mueleze pia dawa za miti shamba unazotumia.

Dalili za kutongoja

Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, wala msingoje miadi, kama amezimia akiwa katika kazi nzito au akiwa amelala, kama ana maumivu ya kifua au pumzi zinambana, kama upande mmoja wa mwili umelegea au maneno yanamgonga, au kama katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla angali kijana. Mpaka ijulikane sababu, mkwezi asipande mnazi, mchumaji asipande mkarafuu, mvuvi asitoke peke yake, na dereva asiendeshe.

Kungoja kuna hatari yake. Kuna mvurugiko ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kudunda. Damu ikaganda humo, kipande kikapanda kichwani, mtu akapatwa na kiharusi. Aliyegunduliwa mapema hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwengine ambaye moyo wake unakwenda polepole mno huwekewa betri ya moyo na kurudi katika shughuli zake. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, kisha Mnazi Mmoja kwa Unguja au Abdalla Mzee kwa Pemba. Anayehitaji ubingwa zaidi huweza kupewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Yule mama alirudi, akavalishwa tena, na safari hii alisali sala zake zote tano nacho kifuani. Kizunguzungu kikaja alfajiri, na saa ikaandikwa. Sasa daktari wake ana cha kutibu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu wote. Wallahu aalam.