Ukomo wa muda katika ufuatiliaji wa miunganisho

Ukomo wa muda ni idadi ya sekunde ambazo ukuta wa moto huendelea kuukumbuka muunganisho usiopitisha pakiti yoyote. Kila muunganisho una mstari wake katika jedwali la ufuatiliaji: anwani mbili, namba mbili za poti, itifaki, hali uliyofikia, na sekunde zilizobaki. Pakiti ikipita, saa huanza upya. Sekunde zikiisha, mstari hufutwa, na pakiti itakayofuata huhesabiwa kuwa ya mgeni.

TCP ina utaratibu wa kuagana, lakini simu iliyoishiwa chaji haiagi mtu. UDP haina kuagana kabisa. Kwa hiyo ukuta hulazimika kubahatisha kama aliyenyamaza amepumzika au amekufa, na kila ukomo ni bahatisho la namna hiyo lililoandikwa kwa tarakimu.

Katika Linux kazi hii hufanywa na netfilter, iliyoingia pamoja na kerneli 2.4 mwaka 2001. Muunganisho wa TCP uliokwisha kusimama hupewa sekunde 432,000, yaani siku tano. Hatua nyingine hupewa muda mfupi: sekunde 120 kwa ombi la kwanza lisilojibiwa, 60 likishajibiwa, na 120 kwa muunganisho uliokwisha kufungwa. Hizo mara chache huleta shida. Tatizo ni zile siku tano. Chukua mashine yenye kikomo cha mistari 262,144, ambayo kila sekunde huachiwa muunganisho mmoja tu uliokufa bila kuaga. Jedwali lake litajaa baada ya siku tatu hivi, mstari wa kwanza ukiwa bado haujafikia ukomo. Likijaa, kerneli hujaribu kufuta mistari ambayo mawasiliano yake hayajathibitishwa, lakini muunganisho uliosimama hauguswi. Wageni wapya ndio wanaokataliwa, na kwenye kumbukumbu za mfumo huonekana maneno ambayo mafundi wa mitandao wanayafahamu vizuri: «nf_conntrack: table full, dropping packet».

Wengi hapo huongeza ukubwa wa jedwali. Hilo huongeza nafasi tu; mistari iliyokufa hubaki humo siku tano zilezile. Wengine hupunguza ukomo hadi dakika kumi, na hao huleta ugonjwa mbaya zaidi, maana hauandikwi popote. Programu iliyoacha muunganisho wazi na hifadhidata hunyamaza kwa dakika kumi na moja, kisha hutuma swali. Ukuta haumjui tena mtumaji, hivyo kuta nyingi huitupa pakiti bila kutoa taarifa. Programu huituma tena na tena, na kwa mpangilio wa kawaida wa Linux inaweza kuchukua takriban dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Mtumiaji husema mfumo umeganda. Hakuna anayefikiria ukuta.

Kipimo chenye hoja kipo. RFC 1122 ya mwaka 1989 ilitaka kompyuta zinazotuma pakiti za kuhakiki uhai zisubiri ukimya wa angalau saa mbili, isipokuwa zimepangwa vingine. RFC 5382 ya mwaka 2008, inayohusu vifaa vya NAT (vinavyobadilisha anwani za pakiti), ikaweka kima cha chini cha saa mbili na dakika nne, juu kidogo tu ya muda huo. Kwa ukuta wa ofisi, sekunde 7,440 ni mahali pazuri pa kuanzia. pf, ukuta wa moto wa OpenBSD, hutumia siku moja, na jedwali lake likikaribia kujaa hufupisha kila ukomo kwa uwiano, busara ambayo wengine wangefaa kuiga.

Tatizo ni kwamba ukuta wako huenda si wa pekee njiani. NAT ya wingu la Amazon hukata baada ya sekunde 350 za ukimya, nawe huna la kufanya juu yake. Kwa hiyo tiba ya kweli mara nyingi iko kwenye ncha: kuiagiza programu au seva ianze kuhakiki uhai baada ya dakika chache, chini ya ukomo mfupi kuliko wote njiani. Kuhakiki huko hakuanzi kwenyewe; sharti programu iombe.

Kwa UDP, netfilter hutoa sekunde 30, na 120 mazungumzo yakiendelea pande zote mbili. RFC 4787 inapendekeza dakika tano au zaidi. Kwa sababu ya ukomo mfupi kama ule wa sekunde 30, watumiaji wa VPN ya WireGuard walio nyuma ya NAT hupangiwa kutuma pakiti tupu kila sekunde 25.

Jambo moja huwakwaza hata wazoefu: kubadilisha ukomo hakuigusi mistari iliyokwisha kuandikwa. Muda mpya hushika pale pakiti inapopita, na maiti haipitishi pakiti. Jedwali lililojaa husafishwa kwa amri ya conntrack, kwa kuchagua mistari ya kufuta. Kulifuta lote hukata pia walio hai, hasa waliopita kwenye NAT.