Mnara wa Chuma wa Katuruka na Bunilizi ya Sayansi katika Sanaa ya Afrika Mashariki

Mwaka 2017 msanii wa Kenya, Jacque Njeri, alitoa mfululizo wa picha za kidijitali alioupa jina MaaSci. Ndani yake Wamaasai, na shuka na shanga zao, wako anga za juu na katika sayari ngeni. Picha hizo zilisambaa haraka, na zilistahili. Watu ambao kadi za posta za watalii zimewafungia katika zama za kale walionekana ghafla kuwa wenyeji wa zama zijazo. Lakini ukizitazama kwa muda, kuna jambo linakosekana. Vyombo vilivyowafikisha huko vilitengenezwa na nani? Kwa madini ya wapi, na kwa jasho la nani? Sayari ni mandhari, mavazi ni yale yale, na katikati yake kazi ya mikono haipo.

Simlaumu Njeri peke yake. Sanaa ya bunilizi ya sayansi katika eneo letu imejua sana kumpeleka mtu wa jadi kesho, ila mara chache imemwonyesha akiijenga hiyo kesho. Na nadai kwamba masimulizi yanayoweza kuziba pengo hilo tunayo tangu zamani, hasa kule Buhaya, nchi ya Wahaya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako simulizi moja ya kifalme inatimiza masharti ya utanzu huu kuliko picha nyingi zenye roketi.

Masharti yenyewe ni yapi? Mhakiki Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alitenganisha bunilizi ya sayansi na hadithi za majini kwa kigezo kimoja kikuu: kitu kipya kinachoingizwa katika ulimwengu wa kazi ya sanaa lazima kifuate mantiki ya maarifa, na matokeo yake yafuatwe hadi mwisho. Zulia linaloruka kwa sababu tu limeambiwa liruke halimo. Suvin hakuwa na Afrika akilini, na kigezo chake kina ubishi wake, lakini kwa hoja yangu kinatosha.

Sasa tuje Katuruka, kijiji kilicho upande wa Maruku, Bukoba Vijijini. Wazee wa huko walisimulia kwamba Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma hadi mbinguni, kwa kuwa alitaka kuona huko juu kukoje. Mnara ukapanda. Kisha ukaanguka. Matoleo yanatofautiana katika vipengele, lakini mhimili ni huo, na simulizi ilifungamanishwa na mti wa matambiko ulioitwa Kaiija.

Wapo watakaosema haraka kwamba huu ni Mnara wa Babeli uliovuka ziwa pamoja na wamisionari. Pingamizi hili lina uzito wake, kwani visa vya minara inayoelekea mbinguni vimeenea pia kwingineko Afrika. Lakini tazama vifaa vya ujenzi. Babeli ilijengwa kwa matofali ya kuchoma na lami, na adhabu yake ilikuwa kuvurugwa kwa lugha. Wa Katuruka ni wa chuma, na hakuna lugha iliyovurugwa. Msimulizi wa Kihaya alichukua teknolojia iliyo juu kabisa katika jamii yake, ile ambayo wasikilizaji walijua gharama na hatari zake, akaivuta kupita kikomo. Hapo ndipo bunilizi ya sayansi ilipo. Aliyemsikiliza alijua kilo chache za chuma zinadai nini.

Zinadai nini hasa? Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyeanza utafiti wake Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma wajenge tanuri upya. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miongo mingi nyuma, baada ya chuma cha kuletwa kutoka nje kushinda sokoni. Wazee walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza matete ya kinamasi na kuyachoma hadi yakabaki majivu na makaa. Juu yake waliinua mnara mfupi wa tanuri kwa udongo huo huo na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani. Mabomba ya udongo yalipenya hadi ndani ya tanuri, na nyuma ya kila bomba mtu alivukuta mivukuto bila kupumzika, kwa nyimbo zenye mwendo wa kazi. Majaribio ya kwanza hayakufaulu. Kumbukumbu ilibidi irudi taratibu, kwa kukosea na kubishana, hadi mwaka 1976 walipopata chuma. Tanuri lenyewe lilichukuliwa kama mwili wa mwanamke, na kuyeyusha kukawa kama kuzalisha. Wayeyushaji walishika miiko ya ndoa na kuweka dawa shimoni. Sasa mpe msikilizaji mwenye ujuzi huo habari ya mnara wa chuma unaopita mawingu. Ataanza kuhesabu makaa, matanuri na migongo ya watu kabla msimulizi hajafika kwenye anguko.

Schmidt alichimba pia chini ya mti wa Kaiija na kukuta mabaki ya ufuaji chuma ambayo vipimo vya kaboni viliyapeleka nyuma hadi katikati ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Wapo wanaozihoji tarehe hizo. Kadhalika, makala aliyoichapisha na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978 ilidai kwamba mabomba yaliyoingia ndani ya tanuri yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na dai hilo lilipingwa vikali na wataalamu wengine wa metali. Nalitaja kwa sababu magazeti yalilipokea kama ushindi wa mbio: Afrika ilitangulia Ulaya. Msanii akibeba habari hii kama kombe, atachora picha nyingine ya fahari. Simulizi ya Katuruka haina fahari ya namna hiyo. Mradi wa mfalme umeshindwa, na walioubeba ni wahunzi.

Kazi chache za sanaa za miongo ya karibuni zimekaribia ukali wa simulizi hiyo. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009, ina chombo kimoja ninachokithamini kuliko mandhari yake yote: jasho la mhusika Asha linakusanywa, linasafishwa, linanywewa, na umeme unazalishwa na watu wanaokimbia kwenye mashine za mazoezi. Teknolojia pale inaingia na kutoka mwilini. Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, inamtupa mhusika wake mkuu, Dzombo, angani ndani ya chombo ambacho ni hukumu ya kifo. Roketi ni mkono wa dola, jambo ambalo Rugomora angelielewa mara moja. Mchongaji Wangechi Mutu naye, mwaka 2019, aliweka wanawake wanne wa shaba nyeusi katika vishubaka vya uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ambavyo vilikuwa wazi tangu mwaka 1902. Wamevaa visahani ving'aavyo kichwani au usoni, kama wageni wa sayari nyingine. Nyuma yao kuna wanawake ambao wachongaji wa tamaduni nyingi waliwafanya nguzo za kubeba mizigo ya wengine. Mutu amewaketisha, wasibebe kitu. Hilo nalo ni jibu kwa swali la kazi, ingawa ni jibu la kuikataa.

Kwa msanii atakayekwenda Katuruka leo, malighafi haisubiri kama ilivyokuwa mwaka 1970. Mkoa wa Kagera, kilipo kijiji hicho, ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikogunduliwa mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata waliokufa ni pamoja na waliojua kusimulia na waliopaswa kurithishwa. Wanakijiji wenyewe baadaye walijikusanya, wakahoji wazee waliobaki, wakajenga upya nyumba za kumbukumbu na kupokea wageni. Lakini ni wahunzi ambao simulizi inawaacha bila majina chini ya mnara. Picha ninayotaka kuiona ni ya kundi hilo asubuhi ya anguko: vyuma vimelala migombani, mivukuto imenyamaza, na fundi mkuu amechuchumaa akikagua mahali mguu wa mnara ulipokatikia, akijiuliza kama ni udongo uliokubali kuzama au ni kiungo alichokifua kwa haraka kwa sababu mfalme alikuwa akingoja.