Umri wa Mastaa Mtandaoni: Nani Aliuandika, na Uuamini Kiasi Gani?

Andika jina la staa yeyote kwenye Google, ongeza neno "umri". Jibu linakuja papo hapo: siku, mwezi, mwaka. Ukiliangalia unaweza kudhani limetoka ofisi ya vizazi na vifo.

Mara nyingi halijatoka huko. Limetoka kwa staa mwenyewe, kwa meneja wake, au kwenye tovuti iliyonakili tovuti nyingine. Wengi tunacheka tu tukisikia fulani "amegoma kuzeeka". Lakini zipo kesi ambazo mwaka mmoja tu uliamua mambo mazito.

Kwa nini miaka inapunguzwa?

Sababu kubwa ni kazi. Anayetafuta mwigizaji wa kucheza binti wa miaka 20 akiona kwenye wasifu 35, wengi hawamwiti hata kwa majaribio. Wanawake ndio wanaoumia zaidi.

Mchezo huu ni wa zamani. Shirley Temple, mtoto aliyetikisa Hollywood miaka ya 1930, alizaliwa Aprili 23, 1928. Studio ya Fox ikampunguzia mwaka mmoja ili kipaji chake kionekane cha ajabu zaidi. Mwenyewe alikuja kujua baadaye kwamba alikuwa na miaka 13, siyo 12 kama alivyoamini.

Mwaka 2011, mwigizaji wa Marekani Junie Hoang aliishtaki tovuti ya IMDb kwa kuweka umri wake halisi, akisema umemkosesha kazi. Kesi ikaonyesha kwamba kabla ya hapo tovuti ilikuwa na mwaka 1978, ambao aliupeleka mwenyewe. Ukweli ni kwamba alizaliwa 1971. Mwaka 2013 alishindwa.

Chama cha waigizaji kikasukuma sheria California. Ilipitishwa 2016, ikawapa waigizaji haki ya kuomba umri wao uondolewe kwenye tovuti za aina hiyo. Mahakama ikaifuta 2018, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo 2020, kwa msingi wa uhuru wa kuchapisha habari za kweli.

Usikimbilie kumwita mtu mwongo

Rebel Wilson wa Australia aliandikwa na jarida moja la nchini kwake mwaka 2015 kwamba amedanganya mambo mengi, umri ukiwemo. Akaenda mahakamani. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi, akapewa fidia ya zaidi ya dola milioni 4.5 za Australia. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliipunguza hadi dola 600,000, lakini ushindi wake ukabaki palepale.

Kwa hiyo kushuku ni sawa, kutangaza ni kitu kingine. Tarehe mbili zisipolingana, huenda aliyekosea ni mwandishi.

Miaka inapoongezwa, shtuka

Kupunguza miaka mara nyingi kunamlinda staa mwenyewe. Kumwongezea miaka msanii mdogo kunaweza kumlinda mtu mzima aliye karibu naye.

Mfano unaoumiza ni wa mwimbaji Aaliyah. Alizaliwa Januari 16, 1979. Agosti 1994 alifungishwa ndoa na R. Kelly kule Illinois, na karatasi za ndoa zikaonyesha ana miaka 18. Alikuwa na 15. Ndoa ilifutwa baadaye, na maisha ya muziki yakaendelea kama kawaida.

Ilichukua miaka 27. Mwaka 2021 mahakama ya New York ilimtia R. Kelly hatiani, na mojawapo ya mambo yaliyothibitishwa ni rushwa iliyotolewa kwa mtumishi wa serikali ili Aaliyah apatiwe kitambulisho cha uongo. Mwaka 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka 30.

Hapa kulikuwa na karatasi, tena yenye muhuri. Karatasi nayo inaweza kudanganya.

Bongo tuliona: 17 au 18?

Hapa nyumbani wengi wanakumbuka Aprili 2012, baada ya kifo cha Steven Kanumba. Mwigizaji Elizabeth Michael, "Lulu", alifikishwa mahakamani Dar es Salaam, na hati ya mashtaka ilisema ana miaka 18. Mawakili wake wakasema ana 17, hivyo ashughulikiwe kama mtoto.

Tofauti ni mwaka mmoja tu, ila kisheria ni kubwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na mtoto ana utaratibu wake mahakamani. Mvutano huo ulifika Mahakama Kuu, ukaenda mpaka Mahakama ya Rufani, kabla hata kesi yenyewe haijasikilizwa. Mwaka 2017 alihukumiwa miaka miwili kwa kuua bila kukusudia.

Ukubwa wa jina haukusaidia kumaliza ubishi. Mtu aliyejulikana nchi nzima tangu utotoni, bado umri wake ulibishaniwa.

Wapo wasiojua kweli

Siyo kila tarehe yenye utata ni uongo. Bi Kidude, malkia wa taarab aliyefariki Zanzibar Aprili 17, 2013, alitajwa kila mahali kuwa na zaidi ya miaka 100. Cheti hakikuwepo. Alikuwa akisema alizaliwa enzi za rupia, na rupia ilitumika Zanzibar mpaka shilingi ilipoingia mwaka 1936. Kwa kidokezo hicho, hesabu inaweza kuangukia popote ndani ya miongo kadhaa.

Eartha Kitt wa Marekani alisherehekea bethidei Januari 26 kwa miaka mingi. Cheti chake kilipopatikana miaka ya 1990, kilisema Januari 17, 1927.

Na wapenzi wa tamthilia za Kikorea, hili ni lenu. Kwa hesabu ya zamani ya kule, mtoto anazaliwa akiwa na mwaka mmoja, na kila Januari 1 anaongeza mwingine. Aliyezaliwa Desemba 31 kesho yake ana "miaka miwili". Korea Kusini ilihamia rasmi kwenye hesabu ya kimataifa Juni 2023, hivyo habari za nyuma zinaweza kumpa staa mmoja umri tofauti bila mtu yeyote kudanganya.

Jinsi ya kupima umri uliousoma

1. Tafuta habari ya zamani zaidi. Mahojiano ya kabla hajawa staa yana uzito kuliko ya baada ya umaarufu.

2. Linganisha na matukio. Alimaliza darasa la saba mwaka gani? Shindano la kwanza alishiriki lini? Kama hesabu inamweka sekondari akiwa na miaka 8, kuna tatizo.

3. Usihesabu nakala. Tovuti kumi zenye tarehe moja zinaweza kuwa zimechota kisima kimoja.

4. Angalia ni mwaka au umri. "Ana miaka 27" iliyoandikwa 2019 haifai leo. Mwaka wa kuzaliwa hauchachi.

5. Uliza nani anafaidika. Swali hili lina uzito zaidi pale msanii anapokuwa mdogo na waliomzunguka ni wakubwa.

Staa wa miaka 40 akijiita 34, hasara ni ndogo. Lakini ukiona binti mdogo kwenye video, na wanaosisitiza kwamba "ni mkubwa huyo" ni wale wanaoingiza hela kupitia kwake, hapo ndipo pa kuuliza cheti kiko wapi.