Mzazi ni Shahidi, Si Mshtakiwa: Usonji, Lawama na Kazi ya Uhamasishaji

Makala ya Leo Kanner ya mwaka 1943, ambayo wengi huihesabu kuwa chimbuko la elimu ya usonji katika tiba ya kisasa, imejengwa kwa sehemu juu ya barua ya baba mmoja. Beamon Triplett, mwanasheria wa mji mdogo wa Forest huko Mississippi, alimwandikia Kanner kurasa 33 kuhusu mwanawe Donald: furaha yake ya kuzungusha vitu, uwezo wake wa kushika mambo kichwani, na jinsi alivyokaa kana kwamba waliomzunguka hawapo. Donald akawa wa kwanza kati ya watoto 11 walioelezwa katika makala hiyo. Daktari alimwona mtoto kwa muda mfupi tu katika hospitali ya Baltimore. Baba na mama walikuwa wamemtazama tangu kuzaliwa.

Elimu hiyo basi ilianza kwa ushahidi wa wazazi. Lakini haikupita hata miaka kumi, mashahidi hao wakapandishwa kizimbani. Mwaka 1949 Kanner mwenyewe aliandika juu ya wazazi wasio na joto la mapenzi, na Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto katika Chuo Kikuu cha Chicago, akalifikisha wazo hilo pabaya zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 alidai kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa kuhisi kuwa mzazi wake, hasa mama, hakumtaka. Tiba aliyoipigania ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake. Mama wangapi waliishi na hukumu hiyo hadi kufa, hakuna aliyewahesabu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba uhamasishaji wa usonji Afrika Mashariki hautafika mbali iwapo utaendelea kumwona mzazi kama mtu wa kufundishwa tu. Kazi ya kwanza ya uhamasishaji ni kumshusha mzazi kizimbani, na ya pili ni kumsikiliza kama shahidi.

Kizimba hicho tulikuwa nacho kabla ya Bettelheim. Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi na wataalamu katika kaunti za Kilifi na Mombasa, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2015 maelezo ya aina mbili yanaonekana yakiishi pamoja bila ugomvi: mapepo, uchawi na laana kwa upande mmoja, maradhi, matatizo ya uzazi, lishe duni na kurithi kwa upande mwingine. Wasomi wengi huyasoma matokeo ya namna hii kama vita kati ya ushirikina na sayansi. Mimi nayasoma vingine. Maelezo yote mawili, yakishaingia uani, hugeuka kuwa swali moja: nani amesababisha? Na anayeulizwa karibu kila mara ni mama. Ulipita wapi jioni ulipokuwa na mimba? Ulimkosea nani? Ulikunywa dawa gani? Mbona watoto wa wifi yako wote wanasema? Hata methali yetu ya malezi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ambayo kwa asili yake ni wosia mwema, humgeukia mwanamke huyu ikawa shtaka. Mtoto anapolala chini sokoni akipiga kelele kwa sababu mwanga na zogo vimemzidi, wapitao huona utovu wa adabu, na utovu wa adabu una mwenyewe.

Watetezi wa kampeni hujibu kwamba tukieleza sayansi vizuri, lawama itakwisha. Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter waliwachunguza mapacha jozi 21 nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, katika jozi 4 watoto wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Kwa ushahidi huo na mwingi uliofuata, urithi wa kijenetiki umethibitika kuwa na nafasi kubwa, na nadharia ya mama asiye na upendo haikubaki na pa kusimama. Lakini ukweli huo huo ukipelekwa kwenye kikao cha ukoo bila uangalifu, mtu atasema: basi ni damu ya kwao. Dada za mtoto wataanza kutiliwa shaka wanapochumbiwa, na mama aliyeponea tuhuma ya uchawi atanaswa na tuhuma ya mbegu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa chanjo. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo na usonji kwa kutazama watoto 12 tu, ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010 baada ya udanganyifu wake kufichuka, lakini uvumi wake ungali unasafiri kwa simu, ukimwambia mama kwamba mkono wake ndio uliompeleka mtoto kwenye sindano. Sayansi lazima isemwe, na isemwe kwa usahihi. Peke yake haifuti swali la nani.

Huko Magharibi waliosaidia kulifuta walikuwa wazazi wenyewe. Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili mjini London na mama wa binti mwenye usonji, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wazazi mwaka 1962. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mvulana mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 kilichozibomoa hoja za lawama moja baada ya nyingine. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi Marekani akatangaza kuwa anawaondolea hatia. Kwetu pia njia ilipita humo humo: wazazi waliounda Chama cha Usonji cha Kenya mwaka 2003 ndio waliosukuma kufunguliwa kwa kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi.

Mzazi anajua nini, hata tudai asikilizwe? Anajua kwamba mwanawe hali wali uliokwisha kuguswa na mchuzi. Kwamba tarumbeta za harusi humtesa lakini ngurumo ya matatu humtuliza. Kwamba akianza kupiga viganja, zimebaki dakika chache kabla ya kilio. Anajua kuwa mtoto asiyesema humvuta mtu mkono hadi kwenye mtungi, na kuwa huko ni kusema. Ujuzi huu haumo katika kitabu chochote, na mtaalamu asiyeuulizia atapanga tiba ya mtoto asiyekuwepo. Mafunzo ya walezi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, yenye vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, yanaanzia hapo: mlezi anaonyeshwa jinsi ya kutumia mchezo na kazi za kila siku, kuosha vyombo au kukunja nguo, kama nafasi za mawasiliano.

Ushahidi una mipaka yake. Wapo wazazi wanaomfungia mtoto ndani au kumfunga kamba, wengine kwa aibu, wengine kwa kuwa wanakwenda kibaruani na hakuna wa kumwachia. Na mwaka 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji mwenyewe, aliwaambia wazazi kwamba huzuni yao ni ya mtoto waliyemtarajia, wala mtoto waliye naye hastahili kuombolezwa. Neno hilo linauma, na ni la haki. Watu wazima wenye usonji ni mashahidi wa karibu zaidi kuliko mzazi yeyote, na kampeni zetu bado haziwaiti.

Kila tarehe 2 Aprili, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la Desemba 2007 lililopendekezwa na Qatar, tunavaa buluu na kutembea. Sina ugomvi na matembezi. Ila nafasi iliyo bora imekaa wazi mwaka mzima: kliniki ya mama na mtoto, kwenye mzani. Huko mtoto hupimwa uzito na kadi ikaandikwa, lakini mama akisema kwamba mtoto hageuki akiitwa, hujibiwa mara nyingi mno kuwa wavulana huchelewa. Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walikwisha kuonyesha, katika utafiti wa mwaka 2014, kwamba maswali 23 anayoulizwa mlezi yanaweza kutumika kuwachuja watoto wa jamii nzima. Muuguzi hahitaji yote 23 kila mwezi. Anahitaji machache: anageuka akiitwa jina? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Kuna neno alilokuwa nalo likapotea? Majibu yaandikwe kwenye kadi kama unavyoandikwa uzito, kwa maneno ya mama, na yampeleke mtoto kwenye tathmini. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu tangu mwaka 1984, lakini watoto wengi hufikishwa huko wakiwa wamekwisha kukataliwa na shule.